Mbwa wangu anakimbia kutwa nzima lakini chakula hamalizi. Tatizo ni nini?

Tetemeko (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu, chotara. Mama yake ni Border Collie, baba aliruka ukuta usiku na hakurudi kujitambulisha. Ana kilo 18. Huyu kiumbe hachoki. Tukitoka kukimbia asubuhi mimi narudi hoi, yeye anaendelea kuzunguka uwanja akifukuza vivuli vya ndege.

Shida ni kula. Pakiti ya chakula kikavu inasema kwa uzito wake nimpe gramu 320 kwa siku. Akijitahidi sana anafika 200, tena baada ya kunusa, kuondoka, kurudi na kuniangalia kama mdai. Kuna siku anagoma kabisa mpaka kesho yake. Hatapiki, choo ni kizuri, manyoya yanang'aa. Nimeshabadilisha chakula mara kadhaa, kila kipya anakichangamkia kidogo halafu tunarudi palepale. Mbavu zake unazihesabu. Mke wangu anasema ni mgonjwa, mama mkwe anasema mimi ndiye ninayemtesa kwa kumkimbiza. Nguvu zote hizo anazitoa wapi kama hali? Nawasilisha.

Kiroboto
Nimeshika siti ya mbele. Mimi wangu Labrador, juzi kala kipande cha sabuni ya kuogea na karatasi yake. Mkuu tubadilishane mwezi mmoja tu, kila mtu apumzike.

Msasi
Mleta uzi, hizo mbavu unazihesabu kwa macho au kwa vidole? Hapo ndipo penye jibu. Madaktari wa mifugo wana kipimo cha umbo, 1 hadi 9. Moja ni mifupa mitupu, tisa ni pipa. Panapotakiwa ni 4 au 5: ukipitisha vidole ubavuni unaziona mbavu kwa mkono bila kubonyeza, ukimtazama kwa juu kiuno kinaonekana, ukimtazama kwa ubavuni tumbo limepanda juu kuelekea mapajani. Watu wamezoea kuona mbwa wanene mpaka mbwa mwenye umbo sahihi anaonekana ana njaa. Mimi nafuga mbwa wa kukimbia miaka mingi, na wageni wote wakija huniuliza kama nawalisha.

Pima kwanza kiuno, ndipo uanze kulia.

Mama Pacha
Minyoo hiyo. Mpe dawa mtakuja kunishukuru.

Tetemeko
@Msasi kwa vidole. Kwa macho naziona mbili za mwisho, hasa akigeuka. Kiuno kipo. @Mama Pacha dawa ya minyoo anapata kwa ratiba, dada.

Msasi
Mbili za mwisho tu? Funga uzi, mbwa mzima huyo.

NyotaJaha
Msiufunge. Nasoma tiba ya mifugo, bado sijahitimu, kwa hiyo nichukulieni kama mwanafunzi. Nataka tupige hesabu badala ya kubishana.

Mahitaji ya nishati ya mnyama aliyepumzika ni 70 mara uzito kwa kilo, uzito huo ukiwa umepandishwa kwa kipeo cha 0.75. Msiogope. Kwenye kikokotoo cha simu: zidisha 18 kwa 18 kwa 18, bonyeza kipeuo cha pili, bonyeza tena kipeuo cha pili, halafu zidisha kwa 70. Mtapata kama kilokalori 612. Hiyo ni ya kulala tu. Mbwa mzima aliyehasiwa huzidishiwa 1.6, ambaye hajahasiwa 1.8. Kwa huyu ni kati ya 979 na 1,101 kwa siku, na mbwa wa kazi kweli kweli hupanda zaidi ya hapo, mara mbili au zaidi.

Chakula kikavu kingi kina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Tuchukue 380. Gramu 320 za pakiti ni zaidi ya 1,200. Gramu 200 anazokula ni 760. Kwa hiyo pakiti imezidisha kidogo, lakini hata hivyo kuna pengo la kilokalori 200 hadi 300 na ushee kila siku. Mbwa hawezi kuishi kwa pengo hilo mwezi baada ya mwezi bila kukonda vibaya. Maswali mawili: amehasiwa? Na nje ya bakuli anakula nini? Nataka kila kitu, hata unachoona hakihesabiki.

Fundi Mitambo
Dada Nyota umenirudisha darasani, na nilikuwa nimeshakimbia.

Tetemeko
Hajahasiwa. Nje ya bakuli hali kitu cha maana. Vipande vya jibini wakati wa mafunzo, mke wangu anasema kwa siku vinafika kama gramu 40. Usiku siagi ya karanga kijiko kimoja kikubwa, ndani ya ule mpira wenye tundu, ili atulie tuangalie taarifa ya habari. Basi.

NyotaJaha
"Hali kitu cha maana." Hahaha.

Gramu 40 za jibini ngumu ni karibu kilokalori 160. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga ni kama 95. Jumla 255. Jumlisha na 760 za bakuli, unapata 1,015. Mkuu, mbwa wako anakula kiasi chake chote, ila robo nzima ya chakula chake ni vitafunwa. Kanuni tunayofundishwa ni vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, maana jibini na karanga havina mchanganyiko wa madini na vitamini anaohitaji. Na soma lebo ya hiyo siagi. Zile zilizotiwa utamu wa zailitoli ni sumu kwa mbwa, zinashusha sukari ya damu haraka na zinaweza kuua ini.

Kiroboto
Kwa hiyo anashiba jibini halafu anagomea wali. Huyo siyo mgonjwa, huyo ni bosi.

Mzee wa Kamba
Nimesoma yote. Nyota kasema vizuri, ila kuna jambo la tabia hamjaligusa. Kijana kasema amebadilisha chakula mara kadhaa. Maana yake mbwa amejifunza kwamba akigoma, kinakuja kingine kitamu zaidi. Hapo nani kamfundisha mwenzake?

Dawa yake ninayoitumia ni hii. Chakula kimoja, muda uleule, mara mbili kwa siku. Weka bakuli, ondoka, usimbembeleze, usimwangalie. Baada ya dakika 15 au 20 liondoe, amekula hajala. Katikati hapo hakuna kitu. Siku za mwanzo atakupima kweli kweli, baadaye anaelewa saa ya kula ni saa ya kula. Mbwa hafi njaa mbele ya bakuli. Hata akikaa siku tatu, mwache.

Mama Pacha
Siku tatu tena? Mzee hapo umevuka mto.

NyotaJaha
Shikamoo mzee. Hiyo ya dakika 20 nakubali. Ya siku tatu hapana. Mbwa mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja au hata siku nzima si msiba, lakini mbwa asiyekula kabisa zaidi ya siku moja anahitaji kuangaliwa, na akiwa anatapika, amelegea au hanywi maji usingoje hata hiyo siku. Watoto wa mbwa na aina zile ndogo kabisa ndio msijaribu hata kidogo, sukari yao ya damu inashuka ndani ya saa chache tu na wanaanguka. Mbwa mgonjwa hufa njaa mbele ya bakuli vizuri tu.

Mzee wa Kamba
Marahaba. Nilikuwa nasemea mbwa mzima, mwenye afya. Wa huyu kijana anaruka kuta.

Kipepeo77
Mimi naona mnakosea wote. Hilo ni suala la aina. Nina Husky, naye anakula kama ndege na anavuta mtu mzima barabarani. Husky wameumbwa kutumia chakula kidogo kwa kazi kubwa. Border Collie pia hivyohivyo, ni injini ndogo isiyokunywa mafuta.

Fundi Mitambo
@Kipepeo77 nusu nakubali. Ila mbwa wa kuvuta sleji kwenye mashindano ya Iditarod kule Alaska, karibu kilomita 1,600 za theluji, hutumia takribani kilokalori 10,000 kwa siku, na wengi wao hawazidi kilo 25. Hakuna muujiza wa kutumia kidogo. Wako anakula kidogo kwa sababu kazi yake ni kumvuta mtu mpaka dukani na kurudi.

Kipepeo77
Umeniumiza lakini sawa.

Fundi Mitambo
Nikirudi kwenye mada, watu wengi tunachanganya mbwa mwenye fujo na mbwa mwenye kazi. Anaruka, anabweka, anazunguka, unaona kama amekimbia nchi nzima, kumbe ukijumlisha muda wote wa kulala hata si mwanariadha. Lakini huyu Tetemeko anasema wanakimbia asubuhi kweli. Unakimbia umbali gani mkuu? Maana kuna "nakimbia" na kuna nakimbia.

Tetemeko
Usiniingilie hapo.

Shubiri
Ninachokiona mimi hakijasemwa. Mbwa wa namna hii mori ukishampanda hali, hata umwekee nyama mbichi. Mwili ukiwa katika hali ya kukimbiza, adrenalini iko juu, tumbo linafungwa. Wangu alikuwa hivyo. Nilikuwa nampa chakula mara tu tukirudi kutoka nje, akiwa bado ana moto, ananusa anaondoka. Nikaanza kumwacha alale kwanza, hata saa moja, ndipo bakuli linakuja kimyakimya. Akala. Tena bora hivyo, madaktari wengi wanashauri mbwa apumzike kabla na baada ya kula, hasa wale wenye kifua kirefu cha kwenda chini, kwa kuogopa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Hilo likitokea ni mbio za kwenda kwa daktari saa hiyohiyo.

Na hicho cha kufukuza vivuli mbona mmekipita kama mzaha? Border Collie wanajulikana kwa kunasa kwenye vivuli na mwanga mpaka inakuwa ugonjwa wa akili. Mbwa anayeshinda akitazama ukuta akisubiri kivuli hana nafasi ya kukumbuka njaa. Ningeanza hapo, siyo kwenye bakuli.

Msasi
@Shubiri hiyo ya vivuli nimeipenda. Mleta uzi, usimchezee na tochi wala ule mwanga mwekundu wa kalamu. Watu wanaona ni burudani.

Tetemeko
Kimya kidogo... watoto wana hiyo kalamu.

Kiroboto
Kumekucha.

Mama Pacha
Mimi bado nasema kiafya. Dawa ya minyoo ya ratiba sawa, lakini si kila dawa inaua kila mnyoo. Tegu ana dawa yake, na anaambukizwa kwa kumeza viroboto, kwa hiyo ukiua tegu ukaacha viroboto umefanya kazi bure. Jiardia, kijidudu cha utumbo, siyo mnyoo kabisa, nayo mara nyingine haionekani kwenye sampuli moja ya choo. Na kupe je? Kuna maradhi ya kupe yanayomkaa mbwa kimya kwa muda mrefu, anacheza, anaruka, damu ndani inaharibika. Erlikia iko hivyo. Mpime damu roho itulie.

NyotaJaha
Mama Pacha yuko sahihi hapo, erlikia ina kipindi ambacho mbwa anaonekana mzima na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka. Nami ninaongeza Addison, ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo. Hamu ya kula inakuja na kuondoka, hasa baada ya kusumbuliwa na kitu, halafu mnyama anakuwa sawa na watu wanasahau. Si kwamba ndio huu, mbwa wa Addison kwa kawaida ananyongea, na huyu hanyongei. Nasema tu kwamba "siku nyingine anagoma kabisa" ni maneno ambayo daktari angetaka kuyasikia.

Pwagu
Mbona mnamjaza mtu hofu. Angalia pua: ikiwa baridi na mbichi, mzima. Halafu chukua mchuzi wa nyama wenye kitunguu na kitunguu saumu vya kutosha, mmwagie juu ya chakula. Harufu peke yake itamleta.

Msasi
@Pwagu USIMPE KITUNGUU. Mleta uzi asije akafuata. Kitunguu na saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili zinaweza kuja siku kadhaa baadaye wakati umeshasahau ulimpa nini. Na pua si kipimo cha chochote, pua ya mbwa aliyeamka usingizini inakuwa kavu na ya moto naye mzima kabisa.

Pwagu
Asante mkuu. Basi mchuzi mtupu?

Msasi
Mchuzi mtupu bila chumvi sawa. Maji ya vuguvugu tu yanatosha. Chakula kikipata joto kidogo harufu inapanda, na mbwa anakula kwa pua kuliko ulimi.

Shubiri
Au akipende zaidi cha kopo? Harufu yake ni kali.

NyotaJaha
Cha kopo ni sawa, ila msidanganyike na ukubwa wa bakuli. Karibu robo tatu ya kopo ni maji, gramu 100 zinatoa kama kilokalori 100 tu. Mbwa atamaliza bakuli zima mkapigiana makofi, kumbe amekula pungufu ya alivyokula jana. Kwa mbwa anayekula kidogo unatafuta chakula chenye kalori nyingi katika gramu chache, na hapo ni mafuta. Ila yaongezwe taratibu, ukiyamwaga ghafla unachokoza kongosho.

Kiroboto
Swali la pembeni. Kwa nini wangu hashibi? Kala sabuni jamani. Sabuni.

NyotaJaha
@Kiroboto wako ana utetezi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa matokeo kuhusu jeni iitwayo POMC kwa Labrador. Karibu mmoja kati ya wanne ana kipande cha jeni hiyo kilichokatika, na wenye hitilafu hiyo wana njaa zaidi na uzito zaidi. Ishara ya "nimeshiba" haifiki inavyotakiwa.

Kiroboto
Nitamwomba radhi jioni. Kwa hiyo wa Tetemeko huenda anasikia ishara hiyo vizuri kuliko sisi wote humu?

Fundi Mitambo
Kuliko wewe hasa.

Bi Mtulivu
Samahani nachelewa. @Tetemeko alipokuwa mdogo, wa miezi mitatu minne, alikuwa anakula vipi?

Tetemeko
Alikuwa anafyonza mpaka bakuli linahama. Ndiyo maana naona kuna kitu kimebadilika.

Bi Mtulivu
Kilichobadilika ni kwamba amekua. Mbwa mdogo mpaka miezi minne anahitaji karibu mara tatu ya zile kalori za kupumzika alizotaja Nyota, kisha karibu mara mbili mpaka akomae. Wenye mbwa wengi huona hamu inashuka kuanzia nusu mwaka hivi na wanadhani ni ugonjwa. Kisha wanaanza jibini, na mwisho wanafika hapa ulipofika.

Swali la pili, la dume asiyehasiwa. Kuna jike mtaani kwenu?

Tetemeko
Jirani anaye. Kwa nini?

Msasi
Aah! Hilo nalo.

Bi Mtulivu
Dume akinusa jike aliye kwenye joto anaweza kuacha kula kabisa kwa siku kadhaa, anazunguka, analia usiku, hatulii. Jike huingia joto kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Hizo siku unazosema anagoma kabisa, zinakuja kwa mkupuo kisha zinaisha, au zinatawanyika mwaka mzima? Andika tarehe uone.

Tetemeko
Zimetawanyika. Ingawa kuna kipindi zilifuatana na alikuwa analia getini. Sasa mmenichanganya zaidi kuliko nilivyokuja.

Mzee wa Kamba
Hata mimi jike namkubali, lakini hayupo kwenye joto mwaka mzima, na kijana kasema chakula ni vita kila siku. Jibini ipo kila siku.

Shubiri
Na vivuli vipo kila siku.

Mama Pacha
Na kupe wapo kila siku.

Kipepeo77
Na aina yake ipo kila siku. Sikubali kuonewa.

Fundi Mitambo
Mkuu, jambo moja dogo. Akila, anakulaje? Anatafuna pande zote au anachukua punje, anazidondosha, anaziokota tena?

Tetemeko
Anabeba mdomo mzima, anaenda kumwaga kwenye zulia, anakula mojamoja. Nilidhani ni mbwembwe.

Fundi Mitambo
Inaweza kuwa mbwembwe, wengi hufanya hivyo. Wengine hata wanaogopa mlio wa kibati cha shingoni kinapogonga bakuli la chuma. Lakini jino lililovunjika pia hufanya hivyo. Anatafuna mifupa mikavu au pembe?

Tetemeko
Pembe ya paa. Aliletewa zawadi na mama mkwe.

Kiroboto
Mama mkwe huyohuyo anayesema wewe ndiye unayemtesa?

Fundi Mitambo
Pembe ni ngumu kiasi cha kuweza kuvunja jino. Linalovunjika mara nyingi ni lile kubwa la juu, la kukatia nyama. Huna haja ya kumfungua mdomo, subiri akiwa ametulia, inua mdomo wa juu kwa kidole kuelekea nyuma, tazama kama kuna bapa limemeguka au doa la waridi katikati. Fanya pande zote mbili ulinganishe.

Tetemeko
Nimejaribu sasa hivi. Anadhani ni mchezo, kanilamba mpaka sikioni. Upande wa kushoto nimeona sawa, wa kulia sijauona. Jumamosi nampeleka kwa daktari, damu na meno kwa pamoja. Jibini nimeificha tangu mchana. Jioni kaweka pua kwenye bakuli, kala robo, kaenda kukaa mbele ya friji.

Mzee wa Kamba
Usimwangalie.

NyotaJaha
Kabla ya Jumamosi mpime uzito: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Andika. Na ukienda beba choo kibichi cha asubuhi hiyohiyo kwenye chombo chenye kifuniko, siyo cha juzi.

Kiroboto
Na kalamu ya mwanga ya watoto ifichwe pamoja na jibini. Kama mna sabuni ya kuogea ya ziada, nayo.